Jina la Yerson Kwenye Misa

Genaro, hutaamini. Mpwa wangu Yerson, kijana wa miaka kumi na sita, alimweleza mama yake wa ubatizo peke yake kwamba husikia sauti wasizosikia wengine.

Leo, wakati wa kusoma nia za misa, msomaji akatamka: "Tumwombee Yerson, asikiaye sauti." Mbele ya mji mzima wa Celendín.

Yerson akamkabili mama yake wa ubatizo mlangoni mwa kanisa. "Mama, ulimwambia nani?"

"Mungu tu, mwanangu. Karani wa parokia, aliyepokea nia yangu, kazi yake kuandika."

Mungu tu, eti!

Sasa yuko kwangu. "Mjomba, misa huendi?"

"Siendi."

"Na padri hamli pamoja?"

"Hatuli."

Ndipo akasema anataka daktari, na kwa kuwa wewe ni daktari, akaniruhusu nikuandikie wewe pekee.

Ameketi ubavuni pangu, anasoma kila mstari kabla sijautuma.