Kiti Kando ya Mfarishi

Dada Lovina mpenzi,

Hili sijamwambia mtu: sitaki kubatizwa. Nikibatizwa, nami nitakatazwa kupokea chochote kutoka mkononi mwako, kama walivyokatazwa wote waliobatizwa ulipolihama kanisa.

Huku mahindi tumeshavuna. Juzi wanawake walikuja kwetu kuunganisha vipande vya vitambaa viwe mfarishi wa kitanda, wa harusi ya Edna. Niliketi palepale petu, kiti chako kitupu kando yangu.

"Binti, sogea huku," akasema Shangazi Saloma. "Au unamwekea malaika nafasi?"

Wote wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikajichoma sindano makusudi, nipate kisingizio cha machozi. Sina tena wa kubishana naye kama zambarau inakaa vizuri na bluu iliyopauka. Wenzangu wanasema kitambaa ni kitambaa tu.

Mama ananiuliza kila siku kuhusu ubatizo, nami namjibu bado nafikiri. Sasa namsikia anapanda ngazi. Nilikuwa nimeifunika karatasi hii kwa aproni; aproni nimeiondoa. Akiniuliza ninamwandikia nani, nitalitaja jina lako, lisilotajwa humu nyumbani tangu uondoke.

Anagonga.

Mdogo wako,
Mattie