Pole ya Bi Salma

Woolwich, London

Mjukuu wangu Tatu,

Barua yako imefika na kunikuta mzima, ila magoti. Babu yako anakusalimu. Baridi imemkalisha ndani wiki nzima. Unauliza kama familia ya Kipalestina katika riwaya niliyokutumia ilirudi kwao. Sijui. Sikufika mwisho.

Kitabu kilikuwa cha Bi Salma, mzee wa Kipalestina niliyeajiriwa kumtunza Lewisham, hapa hapa London, miaka ya tisini. Macho yake yalikuwa yamekwisha, hivyo nilimsomea kila alasiri kwa Kiingereza changu cha kuombea maji. Kila familia ile ilipohamishwa nilisema "sori", nikimaanisha pole. Siku moja akakasirika.

"Mbona unaomba radhi? Kwani wewe ndiye uliyewafukuza?"

Nikamweleza kwamba kwetu kuna neno la kumwambia aliyeumia, hata kama si wewe uliyemuumiza. Akalirudia mara mbili.

Mama yangu alipofariki Tabora, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Sikuweza kwenda kuzika, nikaenda kazini. Nilipofungua kitabu sauti ikanikatika, nikamwambia sababu. Bi Salma akapapasa hewani mpaka mkono wake ukaugusa uso wangu.

"Pole," akasema.

Hatukusoma tena. Wiki iliyofuata naye akafariki, na binti yake akanipa kitabu.

Tiketi ya basi uliyoikuta ndani ndiyo alama ya tulipoishia. Anzia hapo, usome kwa sauti. Wakihamishwa tena, unajua la kuwaambia.

Bibi yako