Nukta ya Mkwiro

Esha shoga yangu, nimemjua mwizi wa video zangu!

Zile za kufundisha kuchora hina na piko, ninazouza, zilizomwagwa bure mtandaoni.

Leo nimefungua ramani inayonionyesha wanafunzi wanatazama masomo wakiwa wapi. Tiwi wako, Galu wako. Halafu nukta moja tu kule kisiwani, Mkwiro. Na hiyo ndiyo iliyopakua masomo yote kwa mpigo, siku moja kabla hayajamwagwa.

Mkwiro nina mwanafunzi mmoja. Mwanafatuma! Binti ya mamangu mdogo! Na nilimpa bure, zawadi ya harusi yake hii inayokuja. Bure, Esha!

Nimempigia. Hata hakukana. Ati, "Dada Fauzia, kikishaingia mtandaoni ni cha watu wote."

Cha watu wote!

Kisha, bila haya, akaniuliza: "Lakini Alhamisi unakuja kunipamba, sivyo?"

Nimpambe. Mimi!

Nikamjibu kwa sauti ya asali, "Inshallah mdogo wangu, nitakupamba upambike."

Na nitampamba. Mkono wa kushoto, maua. Wa kulia, ule wa kupeana na wakwe, namchorea ramani ile ile, kisiwa kizima, na nukta nyeusi ti palepale kwao. Unamjua akipambwa husinzia. Akizinduka, piko imeshakauka.

Na piko haitoki kwa sabuni. Kila atakayempa mkono wa pongezi atauliza hiyo nukta ni ya nini, na mimi nitakuwa nimekaa ubavuni pake, nikiwajibu mmoja mmoja.