Pigo la Saba

Jumatatu, 3 Machi
Studio tena, baada ya miaka kumi na moja. Albamu ya tisa! Ngazi ni zilezile, magoti ndiyo mageni. Tumebaki watatu: mimi na besi yangu, Profesa kwenye gitaa na sauti, na shemeji, mume wa dada yangu, kwenye ngoma. Wimbo mrefu una dakika kumi na nane, unahesabiwa kwa saba, mapigo saba kila mzunguko. Wenye roki zao za dakika tatu watusamehe. Sheria yetu ya ujanani iko palepale: wimbo mrefu hupigwa kwa mkupuo mmoja, hakuna kutia viraka.

Jumanne, 4 Machi
Tumevunjika mara tatu, sehemu ya kati. Shemeji anaruka pigo — saba inakuwa sita. Uzee huo, maskini. Nimemnong'oneza Profesa. Akasema tumpe muda, akaenda kuchemsha chai.

Jumatano, 5 Machi
Leo tumefika mwisho. Ila si sawa, nasikia. Nimempigia dada kuuliza kama mumewe ni mzima. Akasema mzima sana, tangu jana jioni anagonga meza ya jikoni akihesabu hadi sita. Nikamwambia ndiyo shida yenyewe hiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwomba mama fundi wa sauti anisikilizishe ngoma peke yake, ili nimwelekeze shemeji kwa upole. Mama wa watu akasita. Akauliza kama nina hakika.

Ngoma za Jumanne: saba, saba, saba, zimenyooka. Akaongeza besi. Ni mimi. Naingia kabla ya wakati, kila mara. Na rekodi ya jana ndiyo imeniua: nikifika pale, shemeji anashuka hadi sita, Profesa naye. Wamejifunza kosa langu ili nisilijue. Nyani haoni kundule. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewaambia watafute mpiga besi mwingine. Profesa akashika kukaza nyuzi zilizokwisha kukazwa. Shemeji hakuinua macho. Akasema sita imeshamkaa mikononi, mgeni atakuja kuiharibu bure.

Nimekasirika. Sitaki kuhurumiwa kwenye albamu ambayo huenda ndiyo ya mwisho. Nikatoka.

Naandika kwenye benchi la korido. Mlango wameuacha wazi kidogo. Wanapiga sehemu ya kati, wawili tu, kwa sita. Wakifika ninapoingia mimi, wananyamaza. Wanangoja. Kisha wanaanza upya. Hii ni mara ya nne.