Spika za Mbao na Spika Nyeusi

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amemuuliza tena mume wangu leo. Inua kidole kama unanisikia. Hakuinua. Akarudia kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Wapi! Macho darini. Nje akaniambia kwamba tangu kiharusi cha pili haoni dalili ya mtu anayeelewa. Kile kidole cha mkono wa kushoto, ndicho pekee kinachosogea mwili mzima, eti ni misuli inajichezea tu.

Shemeji alikuwa amesimama pale pale, kaka mtu. Tukarudi wote nyumbani. Kisha akasema familia ikae Jumamosi ya wiki ijayo tuamue. Kuna nyumba wanakotunza wagonjwa wa namna hii. Ina bustani.

Bustani ya nini kwa mtu anayetazama dari?

Kusema kweli mume wangu hajawahi kujibu maswali ya kipuuzi. Tangu ujana. Ukimuuliza "umerudi?" na umemwona anavua viatu mlangoni, ananyamaza. Lakini hilo utamweleza daktari gani akuelewe.

Mgongo unaniuma. Nimevunja kikombe makusudi na sijaokota vipande.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefungua maboksi. Spika zake mpya — nyeusi, ndogo, za kukaa rafuni. Aliziagiza kabla hajaanguka, zikaja akiwa hospitali. Zilikuwa chini ya meza ya kupigia pasi na mimi nazipita kama maiti ya mtu mwingine.

Za zamani ni za mbao. Alizitoa studio walipobadilisha vyombo, nazo zimelea ndoa yetu yote. Sikuelewa kwa nini alitaka mpya. Alisema hazitaki yeye, anataka tu kujua. Angezilinganisha kwa haki, nyuma ya pazia, kwa sababu macho yakiona kitu kipya yanayahonga masikio.

Ndiyo ilikuwa kazi yake studio, na ndiyo maana walimwita Masikio. Mafundi wapya wa sauti aliwakalisha mbele ya shuka, akawapigia wimbo kwenye spika moja, kisha nyingine, akawaambia wachague. Mara mojamoja aliwatega: anapiga spika ileile mara mbili. Anayechagua alichekwa mpaka anahama meza. Fundi wa kweli hapo hunyamaza tu, anamtazama. Alinisimulia hayo akila, akacheka mpaka chakula kikampalia.

Leo nimetundika shuka kati ya kitanda chake na rafu. Amplifaya ina vitufe viwili, A na B. Mbao A, nyeusi B. Kama daktari hajui kumuuliza, mimi nitamuuliza lile analolitaka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia ule wimbo wa mwanamke na gitaa moja, aliourekodi mwenyewe zamani. Kipande kwenye mbao, kipande kilekile kwenye nyeusi. Kisha nikauliza. Ya kwanza? — kimya. Ya pili?

Kidole kikainuka!

Nikapiga tena, nyeusi zikitangulia. Ya kwanza? Kikainuka. Nyeusi tena. Nimelia nimeshika mguu wa kitanda.

Jioni nikiosha vyombo ndipo nikashtuka. Nyeusi zina sauti kubwa kuliko mbao. Kitufe cha sauti hakijaguswa, lakini zenyewe zinapiga kwa nguvu zaidi. Na yeye mwenyewe alikuwa akisema mwenye kelele ndiye anayependwa kwanza, hata na mtoto mchanga. Hata na mbuzi! Kwa hiyo labda ni misuli kweli, imeshtushwa na kelele.

Furaha yangu imedumu mpaka kwenye masufuria.

Jumapili, 9 Machi

Nimezirudisha nyeusi nyuma, juu ya stuli mbili karibu na dirisha, kidogo kidogo, mpaka pale kitandani zikawa sawa na za mbao. Nimebandika vipande vya utepe chini ya kila spika ili zisihame. Angekuwa na ulimi angenitukana kwa kipimo hiki. Ndicho nilicho nacho.

Sasa anachagua mbao. Kila mara. Nianze na zipi, nimalize na zipi, anangoja mbao zitajwe na kidole kinapanda. Nimerudia mpaka mimi ndiye nikachoka.

Na mimi nazipenda nyeusi! Kwenye nyeusi unasikia mwanamke akivuta pumzi, unasikia kucha kwenye nyuzi. Kwenye mbao amejifunika blanketi. Ila ukikaa sana, nyeusi zinachoma, kila "s" inakuwa sindano, na gitaa halina tumbo. Mbao zina tumbo. Yule mama anaimba akiwa na kifua, si mdomo tu. Bado nachagua nyeusi. Hata kiharusi hakijamfundisha kukubaliana nami.

Nimemwambia hivyo. Sijui kama alicheka. Uso haucheki tena.

Jumanne, 11 Machi

Wifi amekuja, dada yao wa mwisho. Nikamkalisha aone. Mbao, mara zote. Akajifunika uso kwa mtandio akasema, "Kaka yumo. Kaka yumo humu ndani." Akampigia simu Shemeji palepale.

Shemeji hakupinga. Alisema atakuja Jumamosi na nesi mkuu wa ile nyumba, aone kwa macho ya mtu asiye ndugu. Akionekana anaelewa, atabaki hapa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo atarudi. Asipoonekana, tusidanganyane. Kisha akaomba simu nipewe mimi. Akaniambia amemzika mama, amemzika baba, na kwa ninavyombeba huyu peke yangu atanizika na mimi. Nikamwambia asiniwahishe. Akaniambia sikio la kufa halisikii dawa.

Si mtu mbaya. Siku ya kiharusi cha kwanza ndiye aliyembeba ngazi zote mgongoni. Ndiyo maana inauma zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi ameshinda hapa akisafisha. Mimi mgongo umegoma, nimelala chumba cha pili nikimsikia akisogeza vitu. Ametoa rafu, amedeki hadi pembeni, amefua shuka la pazia na kulitundika upya. Mungu amzidishie. Nimefunua shuka kuangalia — kila spika imesimama juu ya utepe wake. Nilitaka kumjaribu mara moja, nikaogopa kumchosha. Kesho ndiyo kesho.

Nimemnyoa ndevu.

Jumamosi, 15 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Walikuja baada ya chakula cha mchana. Shemeji amevaa koti, kana kwamba ni mahakama. Nesi mkuu ni mama wa makamo, mpole, alimsalimia mgonjwa kwanza kabla yetu, nikampenda kwa hilo. Wifi alikaa kitini karibu na mlango.

Nikaeleza. Nikabonyeza A, wimbo ukaimba. Nikabonyeza B, ukaimba. Nikauliza. Ya kwanza?

Kimya.

Ya pili?

Kimya.

Nikasema amechelewa, tungoje. Tukangoja. Saa ya ukutani ndiyo ilikuwa inajibu. Nikaanza upya, B kwanza. Ya kwanza? Ya pili? Kidole kimelala juu ya shuka kama kijiti. Sikusikia tena wimbo, nilikuwa nakiangalia kidole tu. Wote tulikuwa tunaangalia kidole.

Mara ya tatu macho yake yalitoka darini. Yakanitazama. Yalibaki kwangu muda mrefu, yale macho ya zamani, ya wakati nikiunguza shati lake kwa pasi na yeye amesimama nyuma yangu anaona. Nikadhani ananionea huruma, au amechoka, au macho hayaoni chochote. Nikapiga magoti.

"Masikio, nakuomba. Chagua yoyote. Hata nyeusi."

Nilisema hivyo mbele za watu. Hakuchagua.

Shemeji alinishika mkono akaninyanyua. Akasema, "Shemeji, basi. Umefanya yote. Basi sasa." Alikuwa analia, naye aliona aibu ya kulia, akatoka kwenda kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Nesi aliniambia kwamba hili huwatokea wengi. Mtu anayempenda mgonjwa huona jibu pale penye mtikisiko. Hakunilaumu. Wifi alisema mbona yeye aliona, lakini alisema kwa sauti ya mtu ambaye tayari anajitilia shaka.

Gari litakuja kesho saa tisa alasiri. Nimekubali. Niseme nini?

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi nimefunga nguo zake. Pajama, soksi, ule wembe. Nikaenda kulitoa shuka la pazia, nimfungie na lenyewe kwa sababu linanukia nyumbani.

Nikazunguka nyuma ya rafu kuchomoa nyaya.

Spika nyeusi hazina waya hata mmoja. Zimekaa juu ya stuli zao, juu ya utepe wao, safi, zimefutwa vumbi, na matundu ya nyuma matupu.

Nyaya zote ziko kwenye mbao. Nyuma ya kila spika ya mbao kuna matundu manne yaliyounganishwa kwa kipande cha shaba, waya ukiingia popote spika nzima inaimba. Nyeusi zina mawili tu. Wifi alizichomoa nyaya ili adeki, na alipomaliza aliona kila upande ncha nne za waya na matundu manne, akayajaza. Nani asingeyajaza? Ukibonyeza A zinaimba mbao. Ukibonyeza B zinaimba mbao.

Jana nilimpigia spika ileile mara mbili. Halafu tena. Halafu tena.

Na yeye akanyamaza akanitazama.

Nimekaa sakafuni sijui muda gani. Chumba kizima, watu wanne wenye masikio mazima, mmoja wao mimi niliyezisikia spika zile ndoa nzima — hatukusikia kitu. Nilikuwa naangalia kidole! Alijibu sawasawa, na mimi nikampigia magoti nikimwomba akosee.

Nimempigia Wifi. Alipiga yowe, kisha akaanza kujilaani, ikabidi mimi nimtulize yeye. Hapo tena nikampigia Shemeji. Alikuwa tayari njiani na gari la ile nyumba. Nikaeleza, matundu, nyaya, mtego wa studio, macho. Nilijisikia nikiongea haraka kama mtu aliyefumaniwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Halafu akasema:

"Shemeji, kidole kikiinuka, yumo. Kisipoinuka, yumo. Sasa niambie wewe, ni kitu gani ambacho kingekuonyesha kwamba hayumo?"

  Nikamwomba aje tu, aone tena kwa nyaya sahihi, mara moja. Akasema tutaona. Tutaona ya kumnyamazisha mtoto.

Saa nane. Nimerudisha nyaya. Nyeusi kwa nyeusi, mbao kwa mbao, nimefuata kila waya kwa kidole. Shuka limetundikwa. Nimemwambia, Masikio, lilikuwa kosa, haukuwa mtego, nisamehe. Wanakuja. Wakifika wakikuta unachagua, unabaki. Nimemweleza yote hivyo, kama mtu mzima, sikumpigia kelele.

A. B. Ya kwanza?

Kimya.

Ya pili?

Nikatazama kidole. Hakipo. Mkono wa kushoto hauko juu ya shuka la kitanda. Umeingia chini, mpaka kwenye kiwiko.

Sikuuweka mimi. Nadhani sikuuweka mimi. Asubuhi nilimgeuza kumbadilisha, nikamfunika — mkono niliuacha juu, kila siku nauacha juu. Leo je? Nilikuwa nalia, nilikuwa nafunga begi. Sikumbuki. Nakumbuka kila utepe chini ya spika na hili silikumbuki.

Kama ameuficha mwenyewe, basi amekasirika. Amechoka kuulizwa. Angekuwa yuleyule kabisa, yule wa "umerudi?", anayenyamaza akivua viatu. Na nitawaambiaje kwamba amenikatalia na ndiyo dalili?

Honi. Naandika nimesimama. Wanafungua mlango wa nyuma wa gari, nasikia machela ikikokotwa kwenye kokoto. Shemeji anabisha, anaita jina langu taratibu.

Sijafungua. Nimeingiza mkono wangu chini ya shuka nikaupata wake. Una joto. Nimeubonyeza, haujabonyeza. Nimeutoa nje, nikaulaza juu ya shuka mahali pake, kidole kikiwa wazi.

Wimbo ulikuwa haujaisha. Yule mama anaimba nyuma ya pazia na sikumbuki mara ya mwisho nilibonyeza A au B. Nimesikiliza kwa nguvu zangu zote. Sijui ni zipi.