Kitambaa Mapajani

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu. Mgongo wako unaendeleaje tangu ulipoacha kubeba ndoo? Na shemeji yangu, bado anabishana na redio? Mimi sijambo isipokuwa macho, ambayo siku hizi hayakubali kuona tundu la sindano mpaka niisogeze dirishani. Cherehani nayo haijambo, inapiga kelele vilevile kama ulivyoiacha. Binti yako ndiye mzima kutupita wote. Anakula, analala, na amerefuka mpaka sketi niliyomshonea shule zilipofunguliwa imekuwa aibu ya fundi.

Uliponipigia mara ya mwisho uliniuliza mtoto amelipokeaje neno lako la bweni, nami nikakuambia simu inaisha chaji. Mdogo wangu, chaji ilikuwa imejaa. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na hili nataka ulipate lote kabla hujapandisha hasira. Wala usiruke mistari kutafuta pale bweni lilipotajwa. Nitafika.

Unakijua chumba changu cha mbele. Wanafunzi wanaokuja kupunguza sare au kuwekewa vifungo hukaa juu ya marobota ya kitambaa wakisubiri, na wanaosubiri huwa na kitabu mkononi. Kwa kidato alichofika mwanao, kitabu ni kilekile kila mwaka: ile tamthilia ya kale ya binti wa mfanyabiashara wa chumvi na mlinzi wa daraja. Darasani mimi sikufika mbali, hilo huhitaji kuambiwa, lakini kitabu hicho nimekisoma kwa nakala za watu mpaka nakijua kuliko vipimo vya kiuno changu, ambavyo kwa kweli siku hizi sivitafuti.

Kiswahili chake ni kizito, kila mtu humo anapenda kwa beti. Watoto walikuwa wanakisoma kama wanaotafuna mchanga. Ndipo nikaanza mchezo wangu. Anayesubiri kwangu haruhusiwi kugeuza ukurasa mpaka ausimulie kama anamwambia jirani juu ya ukuta. Mlinzi wa daraja anapoapa kwa mto, mwezi na mifupa ya babu zake, yule kijana tunayemwita Mrefu aliusimulia ubeti hivi: kwamba jamaa anasema akimpata huyu binti hadai kingine chochote, ila kazi yake ni ya usiku na mshahara hakuutaja. Tulicheka mpaka nikashona mkono wa shati kwenye kola. Lakini hakuna aliyetoka pale bila kuelewa ubeti ule.

Mwanao ndiye aliyekuwa bora wao. Jioni, wenzake wakishaondoka, tulibaki wawili tukisoma, mimi natia pindo, yeye anasoma sauti zote, hata ya punda. Nilidhani mambo yatakaa hivyo.

Nikueleze na tamthilia yenyewe, maana utaihitaji. Ndugu za yule binti wameapa kumuua mlinzi. Binti ana dada mkubwa, asiyeolewa, na wamekubaliana naye: ndugu zao wakiwa nyumbani, dada atundike kitambaa cheupe dirishani ili mlinzi asije. Usiku wa mwisho ndugu wapo, wamejificha. Dada anakaa na kile kitambaa mapajani, amekikunja vizuri, hakitundiki. Mlinzi anakuja, wanamuua. Binti anamkuta, anaomba kitambaa amfunike, kisha anaingia mtoni. Basi. Mimi watoto nilikuwa nawaambia kwamba huyo dada ni nyoka, geuza ukurasa. Wakaandika nyoka kwenye mtihani na wakafaulu.

Sasa akaja mwalimu mpya. Ni binti mdogo, ametoka chuo juzijuzi, ana sauti ya kuamsha bweni zima na sketi iliyokatwa na mtu mwenye haraka. Nilimpenda kwa muda wa kama robo saa. Yeye hakuwaketisha watoto kusoma, aliwasimamisha. Alisukuma madawati ukutani akawaambia wapige kelele, walie, wakimbie darajani. Mrefu, ambaye kwangu alikuwa hasomi mpaka nimchape na futi ya tepu, alijitolea kufa kila siku. Marobota yangu yakabaki na mtu mmoja au wawili, wale wa zipu iliyokatika kweli.

Na nyumbani ikawa ni mwalimu amesema. Mwalimu amesema tusisome tukiwa tumeinama. Mwalimu amesema chai tupunguze sukari, inaharibu sauti. Mtoto akawa anapita mbele yangu na kitabu kile kwapani anaenda shuleni Jumamosi, ananiaga kama mtu anayemuaga bawabu. Nilivimba tu, kimyakimya, kama mkate.

Jioni moja alinijia na jipya kwamba mwalimu amesema yule dada mkubwa ndiye wa kuhurumiwa kuliko wote. Walimjadili kipindi kizima, kwa nini hakutundika kitambaa. Nikamjibu kwamba nyoka haulizwi kwa nini. Akaniambia, kwa upole ulioniuma kuliko ufidhuli, kwamba Mama Mkubwa, pengine wewe ulimruka. Nilikata uzi kwa meno ingawa mkasi ulikuwa mkononi.

Wiki hiyohiyo mwalimu akaniletea gauni lake nikaze vifungo. Nilivikaza vyote isipokuwa kimoja, cha katikati. Ndiyo, na umri wangu huu. Nilikiacha kinaning'inia kwa uzi wa huruma, nikampa gauni na tabasamu. Lakini mtu huyo ana bahati, kifungo kilimkatikia akiwa peke yake chooni.

Hapo ndipo bweni lilipoingia. Mwalimu alitaka wanaokaribia mtihani wahamie bweni wasome pamoja jioni. Mwanao alikupigia kwa simu yangu, nimesimama palepale, akakubembeleza kwa sauti ambayo mimi sijawahi kubembelezwa nayo. Ukamwambia utazungumza na baba yake. Ukapiga siku chache baadaye, yeye yuko shuleni, ukaniambia mmekubali na nimwambie. Nakumbuka ulivyosema kwamba utaniachia mimi raha ya kumpa habari njema. Raha!

Subiri, usinipigie bado. Kwanza onyesho.

Mwalimu alipanga wauigize mchezo ukumbini mbele ya wazazi, na kazi ya kukaa nyuma ya pazia na kitabu, kumnong'oneza atakayesahau, akaja kuniomba mimi. Alisema watoto wote wamemwambia kwamba Fundi anaujua kwa moyo. Kama angekuwa na kiburi ningempenda zaidi. Nilikubali, nikawashonea na mavazi. Binti wa mfanyabiashara wa chumvi alikuwa, bila shaka, mwanao. Nilimkatia mtandio wa rangi ya machungwa kutoka kitambaa nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe.

Mdogo wangu, ungemwona. Ukumbi ulikuwa umejaa, feni zimekufa, mzazi mmoja mbele anapiga miayo kwa sauti, na mtoto wako alipotoka kila mtu akanyamaza. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda ubavuni mwa jukwaa, kitabu mapajani, najua kila neno atakalosema kabla hajalisema. Lakini hakulisema kama tulivyokuwa tukilisema pale mezani. Alilisema kama alivyofundishwa na yule mwingine. Na lilikuwa zuri zaidi. Hilo ndilo lililonichoma. Lingekuwa baya ningemsaidia kwa moyo mkunjufu.

Mrefu akauawa, akaanguka vizuri, miguu imetokeza nje ya pazia la pili kama kawaida yake. Mwanao akaingia, akamkuta, akapiga magoti. Hapo anatakiwa kusema: nipeni kitambaa nimfunike. Akafungua mdomo. Hamna kitu. Akameza mate. Akageuza uso kidogo upande wangu, akaniangalia.

Kidole changu kilikuwa juu ya mstari. Nilitakiwa kunong'ona neno moja tu, nipeni, mengine yangejifuata. Nilinyamaza. Sikupotea, wala koo halikukauka. Nilinyamaza nikiwa namtazama machoni, na moyoni nikisema haya, mwite mwalimu wako sasa.

Kimya kile kilikuwa kirefu hata yule mzazi aliacha kupiga miayo. Mtoto akaacha kunitazama. Akashusha macho kwa Mrefu, akauvua ule mtandio wangu taratibu kichwani, akamfunika nao uso hadi kifuani, akaulainisha mikunjo kwa kiganja, kama ninavyofanya mimi kabla ya kukata. Bila neno. Nikasikia mtu analia kule nyuma, kisha mwingine, kisha ukumbi mzima ukawa wa kupenga kamasi. Mwalimu mkuu alisimama kupiga makofi kabla mchezo haujaisha, ikabidi akae.

Baadaye yule mwalimu alinijia mbio, macho mekundu, akanishika mikono yote miwili. Akasema Mama, mtu mwingine yeyote angekimbilia kumnong'oneza, lakini wewe ulijua kwamba pale panataka kimya. Akasema atajifunza kwangu. Unajua nilifanya nini? Nilizipokea zile shukrani. Nikasema ni uzoefu tu.

Jioni ile tulikula bila mazungumzo. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa ananichukua vipimo. Alipomaliza kula akaniambia kwamba alipogeuka alikiona kidole changu kipo kwenye mstari wenyewe. Akasema alisubiri, akaona sileti, akaelewa hakuna wa kumpa kitambaa, ndipo akatoa chake. Hakusema kwa hasira. Kisha akanisogezea kile kitabu, akaniuliza kwa maneno yangu mwenyewe: haya, Mama Mkubwa, nisimulie kama unamwambia jirani juu ya ukuta, yule dada alinyamaza kwa nini?

Miaka yote nimewabana watoto wa watu kwa maneno hayo. Basi nikamsimulia. Nikamwambia kwamba dada mtu alikuwa amezoea kuketi dirishani, na kila aliyepita pale alikuwa anaelekea kwa mwenzake. Kwamba akikitundika kitambaa, wale wawili watapona, wataondoka, nyumba itabaki yake na ukimya wake, na hakuna atakayekumbuka kumwambia asante. Nikamwambia ni kijicho, mwanangu, hakina jina jingine, na hakiwapati watu wabaya peke yao.

Akatikisa kichwa, akasema hata kifungo cha mwalimu alikiona. Kisha akatabasamu kidogo, nikadhani yamekwisha. Akakusanya sahani, na akiwa anaelekea jikoni akauliza lile alilokuwa akiliuliza kila jioni: Mama hajapiga?

Na mimi kila jioni nilikuwa najibu kwamba bado, pengine baba yako hajakubali. Ndiyo, mdogo wangu. Neno lako sikumpa. Nililikunja vizuri nikalikalia, jioni baada ya jioni, namwona anasubiri, nampelekea chai yenye sukari kidogo kama mwalimu alivyosema. Nilitaka aamini kwamba wewe ndiye uliyemkatalia, ili anayembakisha asiwe mimi. Hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka tangu salamu za kwanza. Nisamehe ukiweza. Usipoweza leo, kiweke kinyongo chako mahali pakavu, nitakuja kukichukua.

Jioni ile nilikitundika kitambaa. Nilimwambia mama yako alipiga zamani, kabla ya onyesho, na amekubali.

Alisimama na zile sahani. Nilitamani anitukane, anirushie hata kijiko. Alinyamaza tu. Nilifungua mdomo kutafuta neno, sikulipata, nikamtazama anipe la kuanzia, naye hakunipa. Aliniacha palepale mezani na kimya changu. Anajifunza upesi, binti yako.

Asubuhi nilikuta kwenye cherehani karatasi ya vipimo vya kitanda cha bweni, mwandiko wake, urefu na upana, hakuna zaidi. Nimemshonea shuka kwa kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyonavyo, pindo nimelirudia mara mbili. Gauni la mwalimu nimeliomba nikidai kuna kosa la fundi, na kile kifungo nimekikaza kiasi kwamba siku gauni litakapochakaa, chenyewe kitabaki. Na watoto wachache wamerudi kwenye marobota. Tukifika kwa yule dada mkubwa, sasa hatugeuzi ukurasa.

Atahama Jumamosi. Tangu jioni ile hajaniita Mama Mkubwa. Ananiita Fundi, kama wenzake. Shikamoo Fundi, naenda Fundi, nimerudi Fundi. Ni heshima tupu, hakuna pa kumshika. Nitambebea godoro mpaka getini, maana wewe uko mbali na Mrefu atalichafua. Akiniita Fundi mbele ya mwalimu wake, nitaitika.

Mpe shemeji salamu zangu, mwambie redio haina masikio. Ukaujali mgongo wako. Utakapopiga kunigombeza, piga mchana. Simu itakuwa na chaji.

Ni mimi,
Dada yako wa dirishani