Maneno Yaliyobaki Timboni

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Nimerudi. Miguu imevimba kama mihogo. Kutwa nzima mlangoni mwa hoteli kule Lusail, karibu na Doha, nakagua mikoba ya watu wasionitazama usoni.

Leo wamefungua makumbusho nyumbani Kenya! Ni lile timbo letu la mawe, kule juu ya Mazeras, lililofungwa baada ya Baba kufia ndani. Faridah, jirani yetu, ametuma picha: nyundo na tindo ukutani, picha za wazee, ngazi mpya ya kushukia. Na Kaka Job kapewa kazi ya kuongoza wageni. Job! Mtu ambaye ukimwuliza habari anakujibu "nzuri", na hiyo ndiyo hotuba yake ya siku. Nilicheka mpaka Proscovia, Mganda ninayelala naye chumba kimoja hapa Najma, akadhani nimeshinda bahati nasibu. Kisha nikalala na viatu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Uchovu. Basi.

Jumapili, 12 Oktoba

Faridah ameweka video kwenye status yake. Job chini ya ule ukuta wa mawe, shati jeupe, sauti kubwa — sauti ya Baba kabisa. Anawaambia wageni jiwe liliporomoka hapa, likambana Baba kiunoni, na hakufa pale pale. "Nilikaa naye. Akanishika mkono, akasema —"

Video imeishia hapo.

Hakufa pale pale! Miaka yote hii mimi najua moja tu: jiwe lilimchukua. Nilikuwa shule ya bweni, nikaja nikakuta kaburi. Job alikuwa kazini naye siku ile na hakutuambia neno. Wala hatukumlaumu. Ndiyo sheria ya wavunja mawe: wakitoka hukung'uta vumbi la miguu pale ukingoni, na yaliyotokea shimoni huachwa hapo hapo. Hayaingii nyumbani. Na mwanamke hashuki timboni. Kwa hiyo Mama naye hakujua.

Sasa mwenye tikiti yeyote anajua maneno ya mwisho ya baba yangu. Ila mimi. Nimekasirika, na hata hasira yenyewe inanichosha.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimempigia Mama. Kumbe ameshashuka! Siku ya ufunguzi alilipa kiingilio kama mgeni, akasimama nyuma ya wanafunzi, leso kichwani. Job alimwona, akaendelea kusimulia. Jumamosi iliyofuata Mama akarudi tena, akalipa tena. Anasema ndipo mahali pekee ambapo mwanawe anamzungumzia mumewe.

"Baba alisema nini, Mama?"

Akajibu: "Ya timboni, mwanangu. Niliyasikia kule, nikakung'uta miguu."

Nikamwambia mimi pia ni mtoto wa yule mzee. Akasema anajua. Akasema siku hizi analala vizuri.

Mimi silali.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimeomba likizo kwa meneja. Proscovia alinionya: "Dada, huyo mudir usiombe yeye leo, iko na hasira." Nikaomba. Jibu: mpaka msimu wa wageni uishe, yaani mwakani. Khalas, imekwisha. Akanikumbusha pia kwamba mwezi jana nilikosa basi la zamu. Nikilikosa tena, nitaiona Kenya mapema kuliko ninavyotaka, na kazi sina. Akacheka peke yake.

Sakafu ya pale mlangoni ni ya mawe. Nimeitazama mchana kutwa. Nani aliyevunja, na kwao anawaambia nini?

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimemwandikia Job: Kaka, niambie tu. Amejibu kwa ujumbe wa sauti, polepole, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. "Ann, hapa niko nyumbani, siwezi. Si kwamba nakuringia, wallahi. Mdomo haufunguki. Kule chini nikivaa lile shati, unafunguka."

Basi shuka na simu, nikamwambia.

"Kule mtandao ni wa shida, dada." Kisha ujumbe mwingine: "Jumatatu huwa tumefunga. Nitajaribu."

Aliyesema mwenye shida hachoki kuomba hakufanya kazi Doha. Nimechoka kuomba. Lakini naomba.

Jumatatu, 27 Oktoba

Job amepiga! Na mimi nishavaa sare, basi la zamu liko njiani.

"Ngoja, nashuka," anasema.

Naandika huku simu iko sikioni, nisipoandika nitapiga kelele. Nasikia changarawe chini ya viatu vyake. Anahema. Sauti inakatika, inarudi. "Ann, upo?" Nipo, Kaka.

Honi huko nje.

"Yalla, dada! Basi imefika!" Proscovia.

Kule Job amesimama, sisikii viatu tena. Anakohoa vile vile alivyokohoa kwenye video. "Wageni wapendwa," anaanza — kisha anajirudi. "Dada yangu. Hapa ndipo tulipokuwa tumekaa, mimi na Baba."

Imekatika. Imerudi.

Honi tena, ndefu. Proscovia yuko mlangoni, kofia yangu mkononi, macho yamemtoka. Nimempungia aende.

Nimeketi sakafuni. Nimevua viatu.

"Endelea, Kaka."